Yai la kasa na mkono wenye haraka

Yai la kasa likitoka tumboni mwa mama halina juu wala chini. Unaweza kuligeuza, kulibingirisha, kulipokeza mkono kwa mkono, nalo lisidhurike. Saa chache baadaye mambo yamekwisha badilika. Ndani ya lile ganda jeupe lililo laini kama ngozi, kiinitete kimepanda juu na kujibandika kwenye utando wa ndani, na tangu hapo yai lina utosi na lina kitako. Likigeuzwa, kile kilichojibandika hubanduka kikafa.

Yai la kuku lina nyuzi mbili zinazokishika kiini kisiyumbe, ndiyo maana kuku mwenyewe huyageuza mayai yake kutwa kucha. La kasa halina nyuzi hizo. Aliyezoea mayai ya kuku akilishika la kasa vivyo hivyo ameua asijue, na hatajua mpaka siku 60 zipite na shimo lisitoe kitu.

Ndiyo maana, kwa maoni yetu, katika fuo za Lamu, pwani ya Kenya, yaani Shela, Kipungani, Manda, Kiwayu na zote za kaskazini hadi Kiunga, mwizi wa mayai si tatizo peke yake siku hizi. Yuko pia mtu mwema mwenye haraka: aliyeona mayai akayahamisha saa nne asubuhi, aliyeona vitoto akavitia kwenye beseni la maji, aliyemkuta kasa amelegea wavuni akamsukuma baharini "akapone". Makala haya ni ya huyo mtu mwema. Mwizi ana sheria yake, tutaigusa mbele.

Kuusoma mchanga asubuhi

Kasa hutaga usiku. Kunako alfajiri unachokikuta ni njia yake: mburuzo mmoja wa kupanda na mmoja wa kushuka. Njia hiyo hueleza mengi kabla upepo haujaifuta, kwa hiyo anayekagua ufuo atoke mapema, kabla ya jua kupanda na kabla ya punda na watu kupita.

Kasa wa kawaida, yule mla nyasi za bahari ambaye vitabu humwita kasa wa kijani, huvuta makasia yake yote mawili ya mbele kwa pamoja. Alama za kushoto na za kulia hulingana kama zimepimwa kwa rula, na upana wa njia huwa mita 1 au zaidi kidogo, mara nyingi na mstari wa mkia katikati. Ng'amba, kasa wa aina nyingine, hutambaa kwa zamu, kushoto kisha kulia, njia yake ni nyembamba, sentimita 70 hadi 85 hivi, naye hupenda kujipenyeza chini ya vichaka ambako wengi hawaangalii. Kigome naye hutambaa kwa zamu kama ng'amba, ila huonekana kwa nadra. Duvi na noa, aina nyingine mbili za kasa, hupita katika maji yetu, lakini usitegemee kuwakuta wakitaga hapa.

Njia si dalili ya mayai. Kasa anaweza kupanda, akazunguka, akarudi baharini bila kutaga, kwa sababu ameona taa, amesikia watu, amekuta mizizi, au mchanga ni mkavu mno na shimo linamporomokea. Njia ya namna hiyo huwa na umbo la upinde, bila mchanga uliofukuliwa na kurushwa. Huyo atarudi usiku uleule au siku chache zijazo, na jambo la kumfanyia ni kuuacha ufuo giza na kimya.

Ukiona mchanga umerushwa, hapo pana mayai, lakini hayako pale unapodhani. Kasa akimaliza kutaga hufukia huku akisogea mbele, na shimo kubwa linaloonekana mwishoni ni la kujifichia tu. Mayai yako nyuma ya shimo hilo, upande aliotokea, chini ya kichuguu cha mchanga uliorushwa. Wazee waliokuwa wakichukua mayai zamani walichoma kijiti mchangani mpaka kitoke kimelowa. Usifanye hivyo. Yai moja likitobolewa huwaita sisimizi na kaa, na likioza huyaozesha na jirani zake. Kama ni lazima kuhakikisha, tumia kiganja: mchanga uliofukuliwa usiku ule hubonyea, ule wa pembeni hukataa. Ukiligusa yai la kwanza, acha, funika.

Bamvua ndiyo hakimu

Kiota kingi hakihitaji msaada wowote. Hilo lisemwe wazi, maana hamu ya kuhamisha mayai ni kubwa, na kikundi kikipata mafunzo ya siku mbili hutaka kuhamisha kila kitu. Mama amekuwa akichagua mahali pa kutaga kabla ya sisi kujenga hata nyumba moja pale Shela. Hukosea, ndiyo, lakini hukosea mara chache kuliko sisi.

Swali la kujiuliza ni moja: je, maji ya bamvua, yale yanayojaa kuliko siku nyingine, yatafika hapa? Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 60. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, karibu na mwezi mchanga na karibu na mwezi mpevu, kwa kawaida siku moja au mbili baadaye. Kiota kimoja basi kitapitiwa na bamvua zipatazo nne kabla hakijatoa vitoto. Tafuta mstari wa majani makavu ya bahari na takataka ulioachwa na bamvua iliyopita, siyo ule wa jana. Kiota kikiwa juu ya mstari huo, kiache. Kikiwa chini kidogo, fikiria msimu: wengi hutaga katika masika, kati ya Aprili na Julai, na huo ndio wakati upepo wa kusi unaposukuma mawimbi hadi juu ya ufuo na kuula mchanga. Kilichoonekana salama Aprili kinaweza kuning'inia kwenye ukingo mwezi Juni.

Maji kufika siyo lazima yawe mauti. Yai hupumua kupitia ganda. Wimbi likipita juu mara moja na mchanga ukachuja upesi, mayai mengi hupona. Yanayoua ni maji yanayotuama saa nyingi, maana nafasi zote za hewa kati ya chembe za mchanga hujaa. Tena yai lililokaribia kutoa ndilo linalohitaji hewa zaidi, kwa hiyo bamvua ya wiki ya saba ni mbaya kuliko ya wiki ya pili. Mchanga wa kutiririka wa vilima vya Shela huchuja vizuri. Ule mzito uliochanganyika na udongo karibu na mikoko hauchuji.

Ikibidi kuhamisha

Kwanza, si kazi ya kila mpita njia. Mayai ya kasa yako chini ya sheria, na kuyashika bila idhini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ni kosa hata nia ikiwa safi. Piga simu kwa KWS, kwa BMU (kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo) ya eneo lako au kwa kikundi cha kasa kilichopewa idhini, kisha kaa hapo ulinde mpaka wafike. Yanayofuata ni ya wale wenye idhini, na ni ya wengine pia ili wajue kinachofanyika na wakatae kikifanywa ovyo.

Saa ndilo jambo la kwanza. Ndani ya saa 2 tangu kutagwa ni bora kabisa. Saa 6 ni ukingo wa busara. Zikipita 12, usiguse. Afadhali kujaribu kukilinda pale kilipo kuliko kuyatikisa mayai ambayo tayari yana utosi. Kasa aliyepanda saa tano usiku, njia yake ikagunduliwa saa kumi na mbili asubuhi, ameshafikisha saa 7. Ndiyo maana kikundi kinachotaka kuhamisha viota lazima kitembee usiku. Doria ya asubuhi ni ya kuhesabu na kulinda tu.

Nawa mikono kwa maji matupu. Mafuta ya kujipaka na dawa ya mbu hupenya ganda. Fukua kwa mikono, jembe likae mbali. Kabla ya kutoa chochote pima kina mara mbili: kutoka uso wa mchanga hadi yai la juu, na kutoka uso hadi sakafu ya shimo baada ya kumaliza. Kwa kasa wa kijani sakafu huwa sentimita 60 hadi 80, kwa ng'amba ni fupi zaidi, mara nyingi 40 na kitu. Tandika mchanga mbichi wa kiota hichohicho ndani ya ndoo. Toa yai mojamoja, upande uliokuwa juu ubaki juu tangu linaposhikwa hadi linapolazwa, hata kama ni saa ya kwanza. Mazoea ya mkono yakiwa mema, hayatakosea usiku wa haraka. Hesabu kwa sauti, mwenzako aandike. Kasa mmoja hutaga mayai 100 hadi 120 hivi kwa mara moja. Ndoo ya lita 20 huyatosha kwa ujazo, lakini gawa kwenye ndoo mbili ili ya chini yasibebe uzito wote. Funika kwa kitambaa kilicholowa. Tembea kwa miguu. Pikipiki na punda hutikisa.

Shimo jipya lichimbwe lifanane na la mama: umbo la mtungi, shingo nyembamba na tumbo pana la sentimita 25 hadi 30, kina kilekile ulichopima. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Huchimba shimo la kuzikia, pana juu na chini, na mchanga mkavu ukaporomoka katikati ya mayai. Mama huacha mchanga mbichi ukiyagusa mayai na mkavu ukabaki juu. Fuata mpangilio huo. Usishindilie kwa mguu, bonyeza kwa kiganja tu.

Mahali papya pawe juu ya mstari wa bamvua, ufuo uleule, jua lilelile. Wengi hukimbilia kivuli cha mvinje kwa huruma. Mvinje una mizizi minyembamba inayopenya hadi kwenye mayai, na kivuli kina hesabu yake: kasa hazaliwi na jinsia, hupewa na joto. Karibu na nyuzi 29 za selsiasi majike na madume hulingana. Mchanga ukiwa moto zaidi hutoka majike, ukiwa baridi zaidi hutoka madume, na ukikaa juu ya 33 au 34 kwa muda mrefu mayai huanza kufa. Mtu anayehamisha kila kiota kwenda kivulini, au kila kiota kwenda kwenye kitalu kimoja cha jua kali, anapanga uzazi wa ufuo mzima kwa miaka 30 ijayo bila kujua. Kasa anayetoka leo hatataga mpaka afikie miaka 25 hadi 40.

Siku hamsini na tano za kungoja

Kiota kilichoachwa au kuhamishwa hakihitaji bendera. Kijiti chenye kitambaa chekundu humwelekeza mwizi na mtalii kwa pamoja. Weka alama kwa kamba: chagua vitu viwili visivyosogea, mti na jiwe la matumbawe kwa mfano, pima umbali kutoka kila kimoja hadi juu ya mayai, uandike. Kamba mbili zikikutana tena, hapo ndipo penyewe, hata kama upepo umelisawazisha eneo lote. Andika na tarehe, maana tarehe ndiyo itakayokuambia lini uanze kulala macho.

Wanaovamia ni wengi: kaa wa mchangani, nguchiro, kenge, mbwa, kunguru wale wenye shingo ya kijivu waliojazana miji yote ya pwani, na (wapenzi wa picha watatusamehe) paka wa mji wa Lamu. Dhidi ya mbwa na nguchiro wavu wa plastiki wa mita 1 kwa 1, uliolazwa sentimita 15 chini ya mchanga na kubanwa pembe nne kwa vigingi, hutosha. Matundu yake yawe na sentimita 10 kila upande. Kitoto cha kasa kina gamba la sentimita 5 hivi na lazima kipite bila kukwama. Epuka wavu wa chuma, kwa kuwa vitoto hujielekeza kwa usumaku wa dunia na inadhaniwa chuma juu ya kiota huweza kuuvuruga. Kaa hazuiliki kwa wavu. Mwache ale sehemu yake.

Adui asiyeonekana ni yule anayeuchukua mchanga wenyewe. Vilima vya Shela ndivyo vinavyochuja na kuhifadhi maji matamu ya kisiwa cha Lamu; kila mzigo unaotoka kwenda kujenga nyumba hupunguza kisima na hupunguza mahali pa kutagia kwa mpigo mmoja. Ukuta wa saruji mbele ya hoteli hufanya kazi hiyohiyo kwa njia nyingine: wimbi likiugonga hurudi na mchanga, ufuo hushuka mwaka hadi mwaka, mpaka kasa akipanda anakuta ukuta unaolowa maji kila bamvua. Nyasi za bahari nazo zimo katika hesabu. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021 baada ya kuchimbuliwa sakafu ya ghuba ya Manda, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ilikuwa imeamuru wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mvuvi alipata hesabu yake kwa shilingi. Kasa, aliye mlaji mkubwa wa nyasi hizo, hakuwa mdai.

Ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, iliyoanza kutumika Januari 2014, inamlinda kasa popote alipo, ndani ya hifadhi na nje yake. Nyama, yai, gamba, mafuta, hata pambo la ng'amba ulilorithi kwa bibi na unalotaka kumuuzia mgeni, vyote ni nyara kwa macho ya sheria. Aina zote 7 za kasa wa baharini duniani ziko katika Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo bangili ya gamba haivuki uwanja wa ndege wowote kwa halali. Watu pia huchanganya mipaka. Mbuga za baharini za Malindi na Watamu, zilizotangazwa 1968, haziruhusu uvuvi kabisa. Hifadhi ya baharini ya Kiunga, ya mwaka 1979, huruhusu uvuvi wa jadi. Mvuvi wa Mkokoni, kijiji cha huko Kiunga, basi yuko mahali pake anapotega. Ila kasa akiingia wavuni, si samaki wake.

Oktoba 2025 kasa wa kijani aliondolewa kwenye daraja la walio hatarini katika orodha ya dunia ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi wa maumbile, na tayari wapo wanaolitumia hilo kama ruhusa. Orodha ile hupima dunia nzima kwa pamoja, na haiigusi sheria ya Kenya hata nukta. Ng'amba, kwa upande wake, bado yuko katika daraja la hatari ya juu kabisa.

Asiyesikia sheria asikie tumbo. Nyama ya kasa inaweza kuwa na sumu isiyoondoka kwa kuchemsha, kukaanga wala kukausha, na haina dawa yake maalumu. Haijulikani kwa macho wala kwa harufu. Kasa mmoja ni salama, wa pili anaua, na inadhaniwa sumu hiyo hutokana na anachokula baharini. Machi 2024, kisiwani Panza, Pemba, walikufa watoto 8 na mtu mzima 1 baada ya kula nyama ya kasa, na zaidi ya 70 walilazwa. Watoto hutangulia kwa sababu miili yao ni midogo, na sumu hupita pia katika maziwa ya mama.

Usiku wa kutoka

Vitoto huvunja ganda siku kadhaa kabla ya kuonekana, vikapanda kwa pamoja, kila kimoja kikiangusha mchanga chini ya mwenzake. Husimama karibu na uso na kungoja mchanga upoe, ndiyo maana wengi hutoka usiku. Dalili ni uso wa mchanga kubonyea kama kisahani. Ukiiona, anza kazi ya kweli: ondoa ndara, chupa na vipande vya nyavu kati ya kiota na maji, maana ndara moja iliyogeuka ni korongo kwa kiumbe wa sentimita 5, fukia nyayo ndefu na miburuzo ya mashua, kisha zima taa.

Kitoto hufuata upande ulio na mwanga zaidi na upeo ulio chini zaidi, ambao tangu zamani ni bahari. Balbu nyeupe ya veranda hukigeuza njia kikaishia vichakani, na asubuhi jua humalizia. Taa za rangi ya kaharabu au nyekundu, zilizoinamishwa chini na kufunikwa upande wa bahari, hupunguza madhara sana, lakini hakuna inayoshinda kuzima. Simu ya kupiga picha ni taa pia.

Usivibebe. Kutambaa kutoka kiotani hadi majini si mateso unayopaswa kuyafupisha, na tena usivitie kwenye beseni la maji ili wageni wavione kesho saa tatu. Kitoto kikigusa maji huanza kuogelea bila kupumzika kwa takribani siku nzima, kikitumia akiba ya kiini iliyobaki tumboni kuvuka miamba yenye samaki hadi maji makuu. Ukikitia kwenye beseni kinaimaliza akiba hiyo kwa kuzunguka plastiki. Utakapokiachia asubuhi, kitakuwa kimechoka, mchana kweupe, kunguru juu na samaki changu chini. Makadirio ya kawaida ni kwamba katika vitoto 1,000 anafika utu uzima mmoja. Beseni huondoa huyo mmoja.

Ngoja saa 48 hadi 72 baada ya wa kwanza kutoka, kisha aliye na idhini afukue. Hesabu maganda matupu (yaliyozidi nusu ya yai), mayai yasiyotoa, na waliofia njiani. Walio hai waliokwama wangojee jioni. Mayai yasiyotoa yapasuliwe uone: yote yakiwa hayana kiinitete kinachoonekana, na kiota kilihamishwa, uchunguze mikono yenu kabla ya kulaumu bahari.

Wavuni

Baharini hali ni ileile ya saa na mkono. Kasa aliyetulia anaweza kukaa chini ya maji saa kadhaa. Aliyenaswa na jarife, wavu wa kutega, anahangaika, anamaliza hewa, na chini ya saa moja anaweza kuzama. Jarife linalotegwa magharibi na kuvutwa alfajiri basi ni kaburi, na hakuna sheria inayoweza kumfufua aliyemo. Kinachosaidia ni kulizuru mara kwa mara, kutolitega juu ya nyasi za bahari ambako kasa hulisha, na taa ndogo za kijani zilizofungwa kwenye wavu: katika ghuba ya Sechura, Peru, zilipunguza kasa walionaswa kwa takriban asilimia 64 bila kupunguza samaki waliokusudiwa. Bei ya taa na betri ndiyo kikwazo, na hapo ndipo fedha za miradi zingefaa kwenda kabla ya fulana zenye nembo.

Kumtoa, kata wavu, usikate kasa. Wavu hushonwa. Mshike kwa ukingo wa gamba, nyuma ya shingo na juu ya mkia, makasia huteguka. Mkubwa ana kilo 100 na zaidi, muwe wanne. Asilazwe chali, mapafu yatabanwa na matumbo. Kama amemeza ndoana usiivute: uzi ule unapita katika koo na utumbo, na kuvuta hukusanya utumbo kama kamba ya suruali. Acha kama sentimita 50 za uzi zining'inie, daktari atazihitaji. Watamu kuna kituo cha kutibu kasa, na mvuvi wa huko anayetoa taarifa hupewa kiasi kidogo kwa muda na simu yake. Wapo wanaosema malipo hayo huwafundisha watu kutega kasa. Hatukubaliani: kiasi ni kidogo mno kumfanya mtu aache kuvua changu, na kinatosha kumfanya asiuze nyama.

Aliyelegea, hapumui, hapepesi, ndiye anayeuawa na wema zaidi kuliko wote. Huyo mara nyingi yuko katika usingizi mzito wa kukosa hewa. Ukimrudisha majini sasa, atazama na kufa kweli. Mlaze kifudifudi chomboni, kivulini, inua sehemu ya nyuma kwa sentimita 15 au zaidi ili maji yatoke mapafuni. Mfunike kwa kitambaa kilicholowa, pua ziwe wazi. Kila baada ya muda mwinue kidogo upande mmoja, kisha upande wa pili, polepole. Usimsukume kifuani, usimwingize mpira mdomoni, usimmwagie maji puani. Kila saa 3 gusa kwa wepesi kope na mkia. Akikunja, yu hai. Wengine huamka baada ya saa 4, wengine huchukua usiku mzima. Mpe hadi saa 24.

Akiamka akiwa na nguvu, mshushe majini kwa upole, injini imezimwa na nyavu zikiwa mbali. Akielea upande mmoja asiweze kuzama, mrudishe chomboni na uwaite wenye matibabu. Zikipita saa 24 hajajibu, macho yamezama na mwili umekakamaa au umeanza kunuka, amekufa. Soma namba ya kibandiko cha chuma kwenye kasia kama kipo, pima urefu wa gamba kwa utepe kutoka shingoni hadi ncha ya nyuma, toa taarifa KWS, na wakikuruhusu umzike juu ya mstari wa bamvua, kina cha kutosha mbwa asifukue. Mpake gamba mstari wa rangi kwanza, ili dhoruba ikimfukua asihesabiwe mara ya pili.